Kisogo cha Mama Nekoye

Picha ilipotoka chumba cha giza, ikiwa bado inadondosha maji, Kilonzo aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Alikuwa kijana mwenye penseli tatu katika mfuko wa koti lake jeupe, zote zimechongwa, na hakupenda kitu kinachokataa kukaa mahali pake. Aliibandika ile picha kwenye sanduku la taa, akaweka juu yake plastiki yenye miraba midogo, akaanza kuhesabu.

Daktari alikuwa amechora kwa wino mwekundu mpaka wa uvimbe uliojificha nyuma ya pua ya mgonjwa. Ndani ya mpaka huo mlikuwa na miraba sitini. Mionzi ilipopita mwilini iliacha doa jeusi kwenye picha, na kazi ya Kilonzo kila Jumanne ilikuwa kuhakikisha doa jeusi na mpaka mwekundu vinakaa pamoja. Jumanne mbili zilizopita vilikaa pamoja vizuri kabisa. Leo ni miraba arobaini na mmoja tu iliyofunikwa. Kumi na tisa ilibaki mikavu, na weusi uliopaswa kuifunika ulikuwa umekwenda kukaa upande wa pili, mahali pasipo na ugonjwa wowote.

Alihesabu tena kuanzia chini kwenda juu, akapata hesabu ileile. Basi akaenda kumtafuta mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe, Nasambu, ambaye Mashimoni nzima ilimjua kama Mama Nekoye muuza mboga, alikuwa kwenye benchi la nje, akishikilia kwa nyuma ile kanzu ya hospitali isiyofungika. Pembeni yake alikaa mumewe Wangila, fundi wa milango, futi ya kukunja ikichungulia mfukoni mwa shati.

"Mama," Kilonzo alisema, "kuna kitu umebadilisha tangu wiki iliyopita?"

"Mimi? Nimekuja na basi ileile."

"Mashine imeharibika?" Wangila aliuliza, tayari kuilaumu.

"Mashine iko sawa, mzee. Nimeipima leo asubuhi. Mama, hebu turudi ndani kidogo. Mzee, njoo pia."

Nasambu alilala chali juu ya kitanda cha mashine, na Kilonzo akamvisha ganda lake, sura ya plastiki waliyomfinyangia siku ya kwanza ili kichwa kikae mahali pamoja kila siku kwa wiki sita. Wiki iliyopita lilikuwa likiingia kwa kidole kimoja. Leo Kilonzo alilazimika kulisukuma kwa viganja ndipo skrubu zikashika. Alipolivua, pua ya Nasambu ilikuwa na alama nyekundu.

"Linakubana?"

"Kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Lakini navumilia, wewe usijali. Dawa gani haiumi?"

Kilonzo aliliweka ganda kando. Jana alikuwa amemuuliza mama huyu kama yuko sawa, naye akajibu yuko sawa kabisa, asante, na nyumbani hawajambo?

"Hii haitakiwi kuuma hata kidogo, mama. Ikiuma, unapiga kelele."

Alipitisha mkono chini ya kisogo chake, juu ya kitambaa cha kichwa ambacho siku zote alimwachia kwa heshima. Mkono ukakutana na kitu kama mandazi makubwa. Akautoa haraka. Mama huyu alikuwa rika la mama yake.

"Samahani, mama. Toa kitambaa."

"Hapa? Mbele yako?"

"Toa," Wangila alisema.

Akafungua. Nani asingependa nywele zile? Zilikuwa zimesukwa kwa uzi mweusi, mistari imenyooka kuanzia kwenye paji, yote ikipanda na kukutana kisogoni kwenye fundo nene linalong'aa. Ndunge, jirani yao, alikaa nazo Jumapili saa tatu nzima, na kwa kuwa nywele za mwenyewe hazikutosha kujaza lile fundo, alishindilia ndani soksi ya nailoni.

"Zimetoka poa," Nasambu alisema kwa sauti ndogo, "au siyo?"

*

Jumamosi hiyo walikuwa waende Kawangware kuona boma ambako binti yao Nekoye angeolewa. Mchumba, Ishmael, alikuwa kijana wa Mzee Chege, mwenye ploti za kupangisha, na hakukuwa na neno baya la kusema juu yake. Neno lilikuwa juu ya mama yake, Wamuyu. Siku walipokuja Mashimoni kujitambulisha, Wamuyu alitoa leso kwenye mkoba, akapangusa kiti, ndipo akakaa. Nasambu aliona. Aliendelea kumimina chai, lakini tangu siku hiyo alijiambia kuwa akienda kwao atakwenda na kichwa ambacho hakuna atakayekipangusa.

Sasa Kilonzo aliwasimamisha mbele ya sanduku la taa, akawaonyesha.

"Fundo limeinua kichwa vidole viwili. Kichwa kikipanda, kidevu kinashuka. Mashine haijui. Inapiga palepale ilipoambiwa. Uvimbe ndio umehama."

Wangila aliinama, pua karibu iguse picha. Alitazama mpaka mwekundu, akatazama doa. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Huu ni mlango ulioning'inizwa kando ya fremu," alisema.

"Kabisa, mzee."

"Na ya jana je? Imepotea?"

"Ya jana ni siku moja. Daktari ataifidia. Leo hatupigi. Lakini hatuwezi kuendelea hivi."

"Basi atafumua leo leo. Mama Nekoye, umesikia? Fumua."

Kilonzo alitikisa kichwa. Alikuwa ameshaongea na daktari. Nywele zikifumuliwa, alieleza, leo zitalala, kesho zitavimba, na wiki ijayo zile za nyuma zitaanza kutoka zenyewe kwa sababu ya mionzi. Kila siku kichwa kingine. "Tunataka kitu kisichobadilika. Aje Alhamisi asubuhi amenyolewa upara. Tunafinyanga ganda jipya, Ijumaa tunapima. Asipokuja Alhamisi, fundi wa plasta anayefinyanga haya maganda anarudi Alhamisi ile nyingine."

Wangila alisimama wima.

"Umesema kunyoa? Mke wangu? Kwani nani amekufa?"

*

Kilonzo alikuwa Mkamba na hakuelewa. Nyumbani Mashimoni hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwao Bungoma mwanamke hunyolewa baada ya mazishi, watu wakiwa wamekaa chini. Kichwa cha mwanamke mzima kikionekana kimeng'aa, swali ni moja tu: ni nani?

"Nikitoka na yeye hapa akiwa upara," Wangila alimwambia Nekoye jioni ile, mkono ukiwa kwenye ugali, "kabla sijafika kituo cha basi watu wa nyumbani watakuwa wamenichangia ubao wa jeneza. Na ubao nitauchonga mwenyewe!"

"Papa, hakuna mtu amekufa."

"Ndiyo hiyo nasema! Tupeleke matanga kwa watu tunaokwenda kuozesha? Yule mama ya Ishmael atapangusa hata sisi."

"Basi tuahirishe hiyo Jumamosi."

"Haiahirishwi," Nasambu alisema. Hata Kilonzo, aliyemkataza kumeza mate kila siku mashine ikipiga, hajapata kumsikia na sauti ile. "Mbuzi wao amenunuliwa. Tukikaa, watasema tunaficha kitu."

Na kweli walikuwa wanaficha. Hakuna mtu Kawangware aliyejua kuhusu uvimbe. Nekoye mwenyewe alikuwa amemwambia Ishmael kwamba mama yake anatibiwa mafua yasiyoisha. Waliogopa. Ni nani hupenda kuchukua binti kutoka nyumba yenye ugonjwa wa namna ile?

"Mimi naona hivi," Nasambu aliendelea, akitazama chini. "Jumamosi niende na nywele zangu. Jumatatu ninyolewe. Alhamisi ile nyingine wanifinyange. Ni siku chache tu."

"Mayi! Siku tisa bila dawa?" Nekoye alimwuliza mama yake.

"Mimi nimekaa na huo uvimbe mwaka mzima, Nekoye. Siku tisa hautanifanya nini?"

Alisema hivyo akiguguna ukucha, na machozi yakamjaa, kwa sababu aliijua hesabu kama wao. Miraba kumi na tisa ilikuwa imebaki mikavu. Alikuwa ameiona kwa macho yake. Lakini pia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne ambaye hajasukwa na mtu tangu harusi ya mdogo wake, na kile kioo kidogo cha Ndunge kilikuwa kimemwonyesha sura ambayo alikuwa amesahau kwamba ni yake.

Wangila aliona machozi, akanawa mikono kabla ya kushiba. "Itakuwa hivyo basi," alisema. "Jumatatu."

*

Kesho yake Jumatano Wangila alikuwa Sarang'ombe akimfungia mlango Muia mwenye duka. Fremu ilikuwa ya fundi mwingine, na alipouning'iniza mlango ukagoma. Ulibaki mwanya wa kidole upande wa juu, mwanga ukipita. Wangila alipiga bega, ukagoma vilevile.

"Acha tu," Muia alisema. "Nina wageni Jumamosi, nataka waone nina mlango mpya. Utarudi wiki ijayo kuutengeneza."

"Na panya?"

"Panya gani?"

"Wa unga wako, Muia! Kwani yeye atangoja wiki ijayo? Ataona mwanya aseme, hapana, nisiingie, Muia ana wageni?"

Muia akacheka. Wangila hakucheka. Alibaki ameshika bawaba, mdomo wazi, akisikia alichokisema. Kisha aliushusha ule mlango, akauegemeza ukutani, akamwambia Muia atarudi baadaye, akaondoka na kuacha hata msumeno.

Nasambu alikuwa kibandani akifunga mafungu ya sukuma wiki alipomwona anakuja mbio mbio, saa nane mchana, saa ambayo si yake.

"Kuna nini?"

"Lete wembe."

"Baba Nekoye, tulisema Jumatatu."

"Nilisema upuuzi. Mimi ni fundi au mimi ni nani? Lete wembe na karai la maji."

Walikaa nyuma ya nyumba, yeye kwenye kigoda, mume amesimama. Ndunge aliitwa kufumua, kwa kuwa uzi wake aliujua yeye, na alifumua huku akinung'unika kwamba saa tatu zake zimekwenda na maji. Alipotoa ile soksi aliikung'uta, akaikunja, akaitia kifuani. "Hii ni yangu," alisema, na Nasambu akacheka huku analia.

Wangila alinyoa pole pole, kama anayepiga randa ubao wa gharama. Mikono yake mikubwa haikumkata hata mara moja. Alipofika kisogoni alisimama kidogo, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi ile nyororo ambayo hakuwahi kuiona tangu amwoe.

"Kumbe una kichwa kizuri," alisema.

"Nyoa, wewe."

Kabla maji hayajamwagwa, jirani wa kwanza alitokea, uso umekunjwa tayari kwa msiba, mkononi pakiti ya sukari. "Pole sana, Wangila. Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa!" Wangila alipaza sauti ili uchochoro wote usikie na asirudie mara ishirini. "Hapa hakuna matanga! Ni kipimo cha hospitali! Kichwa kinataka kukaa sawa!"

Jirani aligeuka kuondoka.

"Sukari iache," Wangila alisema.

*

Alhamisi walimfinyangia ganda jipya, na Ijumaa likaingia kwa kidole kimoja. Kilonzo alimpanga, akamwambia maneno yale ya kila siku: inua kidevu kidogo, hapo, usimeze mate, usitikisike. Kisha wote watatu wakangoja mbele ya sanduku la taa, Nasambu na kitambaa chake, Wangila akiwa ameomba penseli moja kati ya zile tatu ili ahesabu mwenyewe.

Alihesabu kwa sauti. Alipofika hamsini alipunguza mwendo, na Nasambu akamshika mkono wa shati.

"Hamsini na nane. Hamsini na tisa." Akameza mate. "Sitini. Sitini kwa sitini!"

"Wacha nihakikishe," Kilonzo alisema, akahakikisha, akatabasamu hadi magego. "Sitini."

"Ngoja. Na hii miraba minane myeusi huku nje?"

"Huo ni ukingo, mzee. Mgonjwa anapumua. Lazima tumwachie nafasi kidogo."

Wangila alitikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye pia huuachia mlango nafasi, kwa kuwa mbao huvimba wakati wa mvua. Alimrudishia Kilonzo penseli yake na kumwambia kama hospitali ikimchosha, karakana ipo.

*

Kawangware walipokelewa vizuri, vizuri mno, kwa viti vyenye vitambaa vya kufumwa. Ishmael, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, aliwakaribisha getini. "Sasa, mzee. Sasa, mama. Karibuni nyumbani." Wamuyu alisimama nyuma yake, mrefu, amevaa wigi la kisasa lililomfunika masikio. Alimtazama Nasambu kuanzia viatu hadi kitambaa, na Nasambu akahisi kila senti ya gauni lake.

Kwenye kigoda, mahali penye jua, alikaa Cucu Waruguru, mama yake Mzee Chege, mwanamke aliyepita themanini. Nasambu aliinama kumsalimu kwa mikono miwili. Kitambaa kilikuwa cha nailoni, na kichwa kilichonyolewa Jumatano hakina cha kushikilia nailoni. Kiliteleza polepole, kikaanguka mapajani mwa bibi.

Hata waliokuwa wakichoma mbuzi waligeuka. Wamuyu aliweka mkono mdomoni. Wangila alikohoa, tayari kutangaza kwamba hakuna aliyekufa.

Lakini Cucu alikuwa ameshanyoosha mkono. Aliupitisha juu ya kichwa cha Nasambu, mbele hadi nyuma, kisha akaupitisha juu ya chake mwenyewe, ambacho kilikuwa kimenyolewa vilevile na kinang'aa kama sahani. Akacheka kwa mdomo usio na meno, akasema maneno mengi ya Kikuyu, kidole kikimnyooshea Wamuyu.

"Anasema nini?" Nasambu alinong'ona.

Ishmael alijikuna shingo. "Anasema... hatimaye ameletewa mtu mzima. Zamani mama akifikisha mtoto wa kuoa, alikuwa ananyoa, ndiyo heshima. Anasema alimwambia mathe miaka yote, na mathe amekataa, sasa ameweka hiyo kitu kwa kichwa. Eti inafanana na..." Alimtazama mama yake. "Hiyo ingine siwezi kusema."

Wamuyu aligusa wigi lake. Nekoye aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika.

"Anauliza pia nani alikunyoa. Hakuna hata alama. Mimi nikimnyoa huwa namkata."

"Ni mzee wangu," Nasambu alisema. Kisha, kwa kuwa mkono wa bibi ulikuwa bado kichwani kwake na ulikuwa na joto, aliamua kusema yote. "Lakini mwambie ukweli, Ishmael. Sikunyoa kwa heshima. Mimi ni mgonjwa. Nina uvimbe hapa nyuma ya pua. Nachomwa na mashine, na nywele zilikuwa zinaharibu kipimo. Bado wiki tatu. Daktari hajasema nitapona, amesema tuendelee. Tuliwaficha kwa kuogopa."

Ishmael alitafsiri kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Wamuyu alikuja akachukua kiti, akakaa mbele ya Nasambu, magoti yakikaribia kugusana.

"Kwa nini hamkusema? Pickup iko hapa, inalala tu."

"Ulipangusa kiti, Mama Ishmael," Nasambu alisema. Hakukusudia, lilimtoka tu.

"Kiti gani?"

"Kwetu. Na leso."

Wamuyu alifikiri. Kisha macho yakamtoka. "Kilikuwa na unga wa mbao! Na mimi nilivaa sketi nyeusi! Mzee hapo alikuwa ametoka kupiga randa, unga ulikuwa mpaka kwa chai!"

Macho yote yakamwendea Wangila. Alitazama mbuzi, akatazama mawingu, akaona hapana pa kukimbilia. "Ilikuwa mvule," alisema. "Mvule una vumbi." Nasambu aliangua kicheko ambacho kilimuuma pua, na hakujali. Alikuwa amebeba kile kiti kifuani mwezi mzima.

Kabla ya chakula Wangila alikuwa na wembe mkononi, akimnyoa Cucu, kwa amri ya Cucu.

Jioni ilipokaribia, mpiga picha aliyekodiwa aliwapanga mbele ya ukuta. Wamuyu alimletea Nasambu kitambaa chake, akamuuliza kwa sauti ya chini kama angependa kukifunga. Nasambu alikichukua, akakitia mfukoni, akaenda kukaa kando ya Cucu, vichwa viwili vitupu bega kwa bega.

"Mama," mpiga picha alisema, "inua kidevu kido..."

"Usinipange, kijana. Mimi najua."

Alikiinua kidevu hadi mahali pake, palepale, bila kupungua wala kuzidi, akatuliza mabega. Cucu alikuwa anageuka geuka kuona nani amesimama nyuma. Nasambu alimshika mkono.

"Tulia, Cucu," alimwambia. "Usimeze mate."

Bibi hakujua Kiswahili. Lakini alimtazama, naye akainua kidevu chake, akatulia.

"Haya," Nasambu alisema. "Sasa piga."